Giza la Dagaa na Siku za Mimba: Hotuba kwa Wavuvi wa Igombe

Hotuba ya mkunga mstaafu kwa wavuvi, wachuuzi wa dagaa na wenza wao, mwalo wa Igombe, Ilemela, Mwanza.

Mwenyekiti wa BMU, kikundi chetu cha kusimamia mwalo, mtendaji wa mtaa, matajiri wa mitumbwi, akina mama wa dagaa, vijana wa kambini. Wazee wangu, shikamooni. Wengine wote, mwangaluka!

(Waliitikia.)

Asanteni. Nilipoombwa kuja hapa niliuliza swali moja tu: mwezi ukoje? Nikaambiwa umeanza giza. Nikasema hapana, nitakuja mwezi ukijaa, wanaume wawe nchi kavu. Maana haya mazungumzo nimeyafanya miaka mingi na wanawake peke yao, chini ya mwembe wa zahanati, na kila tulipomaliza mama mmoja alinifuata pembeni akaniambia, "Sasa haya, nani ataenda kumwambia baba watoto?" Na huyo baba watoto mwenyewe hana mtoto, ndiyo sababu ya mama kuja.

Leo baba watoto yupo. Namwona kule nyuma amejificha kwenye mtumbwi. Sogea mbele, baba, hatuchomi sindano.

Nimekuja tuzungumze mimba inavyoingia, na kwa nini kwa wengine inachelewa. Shirika la Afya Duniani lilitangaza mwaka 2023 kwamba karibu mtu mmoja katika kila sita duniani hukumbana na shida ya kupata mtoto wakati fulani wa maisha yake. Mmoja katika sita. Hesabuni watu wa mtumbwi mmoja na nusu wa dagaa, hamkosi mtu. Kwa hiyo anayechekwa kwa jambo hili mtaani huwa anachekwa na mwenzake asiyejijua.

Nianze na yai. Mwanamke huzaliwa na mayai yake yote, haongezewi mengine. Akishavunja ungo, kila mzunguko yai moja, mara chache mawili, hupevuka na kutoka kwenye ovari, likadakwa na mrija wa uzazi. Ni humo mrijani, wala si kwenye mji wa mimba, ambamo mbegu ya baba hukutana nalo. Na yai likishatoka lina saa 12 hadi 24 za kuishi. Lisipokutwa linakufa, na baada ya kama wiki mbili mama anaona siku zake.

Mbegu za baba zina subira zaidi. Zikikuta ute mzuri zinaweza kuishi ndani ya mama hadi siku tano. Basi ukiunganisha hayo mawili unapata siku sita tu katika mzunguko mzima: tano kabla ya yai kutoka, na ile linapotoka. Mwaka 1995 mtafiti Allen Wilcox na wenzake kule Marekani walichapisha matokeo ya kuwafuatilia wanawake 221 waliokuwa wakitafuta mimba, wakipima mkojo wao wa kila siku. Mimba zilizoingia zilitokana na tendo lililofanyika ndani ya siku hizo sita. Kesho yake, yai likishapita, hakuna.

Kwa hiyo mbegu zitangulie. Nyie mnaovua sangara mnatega nyavu jioni, samaki anapita usiku. Sijaona mvuvi anayesubiri amwone sangara ndipo ashushe wavu.

Sasa, siku sita zipi? Hapa ndipo watu wengi wanapopotea, na wengine wamepotezwa na sisi wenyewe wa kliniki. Mtu ameambiwa "siku ya 14" akaishika kama amri ya Musa. Siku ya 14 ni ya mwanamke ambaye mzunguko wake ni siku 28. Wapo wa siku 24, wapo wa siku 35, na wote wazima. Nusu ya kwanza ya mzunguko ndiyo inayorefuka na kufupika. Nusu ya pili, toka yai litoke hadi damu ije, kwa wengi ni karibu siku 14. Kwa hiyo unahesabu kwa kurudi nyuma. Wa siku 35 yai lake hutoka karibu na siku ya 21. Wa siku 24, karibu na siku ya 10; huyo siku zake za mimba zinaanza siku ya 5, pengine hata hedhi haijakauka vizuri, na mumewe anasubiri siku ya 14 kama alivyoambiwa. Siku ya 14 kwa huyo mama yai lilishakufa zamani.

Chukueni kalenda ile ya bure ya duka la nyavu, iliyotundikwa ukutani. Mama azungushie kalamu nyekundu siku ya kwanza ya damu, damu yenyewe, si matone. Mwezi unaofuata vivyo hivyo. Toka duara hadi siku moja kabla ya duara linalofuata, huo ndio mzunguko. Afanye hivyo miezi mitatu, akiweza sita, ataona wa kwake una siku ngapi na unayumba kiasi gani. Kisha chukua kalamu ya buluu, upige mstari kwenye kila siku ambayo baba alilala nyumbani. Hiyo ya buluu msiiache. Ndiyo iliyonileta Igombe.

Mnaovua dagaa mnajua kalenda yenu inaongozwa na nini. Dagaa hufuata taa, na taa inafanya kazi gizani. Zamani karabai, leo taa za sola na betri, lakini mwezi ukijaa ni yale yale: dagaa wametawanyika, unakesha unarudi na ndoo mbili. Basi mnapumzika siku saba, nane, wengine kumi. Walioko kambi za mbali, Ukara, Goziba, ndio wanapanda boti kurudi kwa familia. Giza likirudi, nao wanarudi majini.

Mwezi wa angani una siku 29 na nusu. Mama mwenye mzunguko wa siku 28 ana tofauti ya siku moja na nusu tu na mwezi huo. Tuseme baba anakaa nyumbani siku nane kila mbalamwezi. Na tuseme alipooa, siku zake za kupumzika ziliangukia siku ya 15 ya mzunguko wa mkewe. Yai limetoka jana. Mwezi unaofuata anafika siku ya 16 au 17. Unaofuata, 18. Anasogea taratibu, siku moja na nusu kila safari, hadi azunguke aje kuzikuta siku sita za mwanzo wa mzunguko mwingine. Hiyo safari inachukua karibu miezi kumi! Miezi kumi watu wazima wawili, wenye afya, wanaopendana, wanakutana kila mwezi, na hakuna hata mara moja walipokutana kwa wakati wake.

Na huyo ana nafuu. Mwenye mzunguko wa siku 30 tofauti yake na mwezi wa angani ni nusu siku. Akianza vibaya, kwa hesabu ya karatasi anaweza kupitisha zaidi ya miaka miwili hivyo hivyo. Kwa kweli mizunguko huyumba siku mbili tatu, na baba naye siku nyingine huja kwa dharura, injini imeharibika, kuna msiba, kwa hiyo mara nyingi Mungu anasaidia. Lakini nimeona kalenda za namna hii. Mistari ya buluu huku, siku za mimba kule. Na kabla kalenda haijachorwa, nyumba ilikuwa imeshajaa maneno: mke ana chango, mke amerogwa na wifi yake, mke alitoa mimba usichana, ng'ombe wa mahari warudishwe.

Hawakurogwa. Walipishana.

Dawa yake haina gharama ya duka. Baba arudi katikati ya giza kwa usiku mitatu, au mama afunge mzigo amfuate kambini siku hizo. Nawaomba matajiri wa mitumbwi mliokaa pale mbele mnisikilize vizuri, maana nimewapangia viti vya mbele kwa makusudi. Kijana akikuomba ruhusa ya siku tatu wakati dagaa wanatoka, najua unavyomtazama. Anapofiwa unampa. Basi mpe na huyu. Mtafutie mtu wa kushika nafasi yake mtumbwini, arudi.

(Tajiri mmoja aliuliza: "Nikiwa na vijana sita wote wanaomba?" Vicheko.)

Wake zao hawataingia siku za mimba usiku mmoja wote sita, baba. Wapange zamu.

Kalenda peke yake haitoshi, hasa kwa wenye mzunguko unaoyumba. Mwili wenyewe una alama. Ute wa ukeni ndio alama ya karibu kuliko zote, na haulipiwi. Baada ya hedhi unakuwa mkavu au mzito kama ugali mlaini wa mtoto... samahani, nimeuacha mfano huo, mtashindwa kula. Ni mzito na hauvutiki. Yai likikaribia, ute unakuwa mwingi, mwepesi, unateleza, unang'aa. Uchukue kwa karatasi, uweke kati ya kidole gumba na cha shahada, uviachanishe polepole. Ukivutika kama uzi bila kukatika, kama ute wa yai bichi la kuku, zimeshafika. Lala na mumeo leo, na kesho kutwa. Ukikauka tena, yai limepita. Famasi za mjini zina vijiti vya kupima mkojo ambavyo huonyesha homoni inayopanda siku moja au moja na nusu kabla ya yai kutoka. Vinasaidia, ila mwenye ute unaoeleweka hana haja ya kuvinunua kila mwezi. Joto la mwili asubuhi nalo hupanda kidogo baada ya yai kutoka, lakini linakueleza habari ya jana.

Mara ngapi? Kila baada ya siku moja au mbili ndani ya siku hizo. Wanaume wengi wanafikiri wakijizuia wiki mbili watakuwa na "nguvu ya akiba". Mbegu zilizokaa sana zinazeeka, mwendo wake unapungua. Na mkikutana mara tatu usiku mmoja ili kufidia mwezi mzima, hizo ni sifa tu. Mama kuinua miguu ukutani baadaye hakuna ushahidi kwamba kunasaidia, ila hakudhuru, mwenye kupenda ainue. Kinachodhuru ni mate na mafuta ya kupaka mnayotumia kulainisha, vinadhoofisha mbegu. Na kujiosha ndani kwa sabuni, au kuingiza majani na unga wa kukausha, kunaharibu ulinzi wa uke na kukaribisha maambukizi. Uke unajisafisha wenyewe. Osha nje, acha ndani.

Nije kwa akina baba.

Katika kila ndoa mbili zinazohangaika kutafuta mtoto, karibu moja upande wa mwanamume una tatizo, ama peke yake ama pamoja na la mke. Lakini kliniki anakuja nani? Mke. Kwa mganga anapelekwa nani? Mke. Nimepokea akina mama wamepigwa picha ya mirija, wamepimwa homoni, wamemeza dawa za kupevusha mayai, wengine wamepasuliwa, na mume hajawahi kutoa hata tone la shahawa likatazamwe. Kipimo chake ndicho rahisi kuliko vyote! Hakuna kukatwa, hakuna maumivu. Unatoa mwenyewe, kwenye kikopo.

(Mzee mmoja mbele alisema kitu, watu wakacheka.)

Nimekusikia, mzee wangu. Amesema, "Mimi nina mtoto nje, kwa hiyo ninazo." Hilo nimelisikia kuliko salamu. Mtoto huyo ana miaka mingapi? Kumi na mbili. Basi ulikuwa nazo miaka kumi na mitatu iliyopita. Mbegu hazihifadhiwi tangu ujana. Zinatengenezwa upya kila siku, na kila kundi linachukua kama siku 74 kukomaa. Ugonjwa, dawa, pombe, kisonono uliyoitibu nusu nusu, vyote vinaweza kubadili hali kati ya mtoto yule na leo. Na nguvu za tendo ni jambo jingine kabisa. Mwanamume anaweza kuwa simba kitandani, shahawa zake zikawa hazina mbegu hata moja. Kwa macho huwezi kujua.

Maabara inatazama wingi, idadi, mwendo na umbo. Kiwango cha chini kinachotumika sasa, kwenye mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2021, ni mbegu milioni 16 kwa kila mililita, na angalau mbegu 42 katika kila 100 ziwe na mwendo. Ukiwa chini ya hapo haina maana huzai kabisa. Ina maana kazi ni ngumu zaidi, na kipimo kinarudiwa baada ya miezi kama mitatu kabla ya mtu yeyote kukupa jina la ugonjwa. Kwa sababu ya zile siku 74, ukiacha sigara leo, usitegemee majibu ya wiki ijayo.

Vinavyoharibu mbegu ni hivi: sigara, bangi, pombe kali, na hapa namaanisha gongo, mnaijua. Sindano na vidonge vya kujenga misuli, kwa vijana wa jimu mjini. Joto kwenye korodani, maana zinatakiwa ziwe baridi kuliko mwili, ndiyo maana Mungu akazitundika nje. Matubwitubwi yaliyokupata ukubwani. Korodani ambayo haikushuka utotoni. Mishipa iliyovimba juu ya korodani, unaisikia kwa kidole kama kifungu cha minyoo ukisimama; hiyo ina upasuaji. Hayo mavumbi ya Kongo mnayonunua stendi sitayasema sana. Hakuna anayejua kilichomo, na hata yakikusimamisha hayaongezi mbegu hata moja.

Kwa akina mama wa kwetu, tatizo kubwa ninalolikuta ni mirija kuziba. Na mirija haizibi kwa chango wala kwa kuruka dimbwi ukiwa msichana. Inaziba kwa makovu. Makovu yanatokana na maambukizi: klamidia, kisonono, maambukizi baada ya kujifungua au baada ya mimba kutoka au kutolewa kienyeji, mara nyingine kifua kikuu kinachoshuka kwenye kizazi. Klamidia ni mbaya kwa sababu wanawake wengi hawana dalili yoyote. Anakuja kujua baada ya miaka mitano.

Mkoa wetu una historia katika jambo hili, nashangaa haisimuliwi mashuleni. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 watafiti walichukua jamii 12 za vijijini mkoani Mwanza. Sita wakaboreshewa huduma ya magonjwa ya zinaa kwenye zahanati zao za kawaida, mhudumu akifundishwa kutibu kwa kufuata dalili na dawa zikawepo, sita zikasubiri. Matokeo yalitoka mwaka 1995: maambukizi mapya ya VVU yalipungua kwa takriban asilimia 40 kule kulikotibiwa. Dunia nzima ilisoma habari za Mwanza. Basi sisi wenyewe bado tuna mtu anayeona usaha, ananunua vidonge vinne dukani, anameza, unakata, anasema amepona. Na mwenzake hajatibiwa, wanaambukizana tena. Mtibiwe wote wawili, dozi iishe.

Nikigusa kichocho kidogo: hapa ufukweni kinachotawala ni kile cha tumbo. Lakini wengi wenu mmetoka Kwimba na Misungwi, mmekua mkioga malambo na madimbwi, na huko kuna kile cha mkojo. Mayai yake hujichimbia kwenye via vya uzazi vya mwanamke, yakaleta vidonda na damu, na yanahusishwa na ugumba. Ukiwa ulikojoa damu utotoni, mwambie daktari. Watu hawasemi.

Swali la sindano ya miezi mitatu najua linakuja, nalijibu kabla. Sindano ya uzazi wa mpango haiui kizazi. Ila inachelewa kutoka mwilini. Kwa wengi mimba huja takriban miezi kumi tangu sindano ya mwisho, wengine mapema, wengine zaidi ya mwaka. Vidonge, kitanzi na vijiti vya mkononi, ukitoa au ukiacha, uwezo unarudi upesi. Anayepanga kuzaa mwakani, mwenye sindano, aongee na muuguzi sasa hivi asisubiri.

Kuna wauzaji wa dawa za "kusafisha kizazi". Wako mtandaoni, wako kwenye spika za gari sokoni, wengine wamevaa koti jeupe. Kizazi hakina uchafu wa kusafishwa. Kinajisafisha kila hedhi. Mrija wenye kovu hauzibuliwi kwa chai ya majani. Siwatukani waganga, babu yangu mwenyewe alikuwa mganga na watu walimheshimu hadi anakufa, lakini kovu ni kovu. Vile vile ile tabia ya kutibiwa "UTI sugu" mwaka mzima kwa antibayotiki bila kuotesha mkojo maabara kutafuta vijidudu hata mara moja. Na vidonge vya kupevusha mayai, usinywe kwa ushauri wa shoga yako kwa sababu yeye alipata mapacha. Kama mumeo hana mbegu, au mirija imeziba, utapevusha mayai ya nini?

Twende hospitali lini? Wenza vijana wasio na tatizo, katika mwezi mmoja wa kukutana vizuri, uwezekano ni kama mmoja kati ya wanne au watano. Ndiyo maana mwezi wa kwanza ukipita msianze kugombana. Katika mwaka, wenza zaidi ya 80 kati ya 100 huwa wamepata mimba. Kwa hiyo mwaka mmoja wa kukutana bila kinga, kwa mpangilio, ndipo tunahesabu kuna shida. Mama akiwa na miaka 35 na zaidi, miezi sita inatosha, maana mayai yanapungua na ubora wake unashuka. Mwenye hedhi inayopotea miezi mitatu, mwenye maumivu makali ya nyonga, aliyewahi kuugua vibaya baada ya kujifungua, mwanamume aliyepasuliwa korodani au ngiri: hawa wasingoje hata miezi sita. Na kwa wavuvi naongeza langu: msihesabu mwaka wa kalenda. Hesabuni miezi ambayo mstari wa buluu ulikutana na siku zenyewe.

Anzeni kituo cha afya, mpimwe wote wawili, kisha mpewe rufaa hospitali ya Sekou Toure au Bugando. Baba shahawa. Mama, historia yake, picha ya ultrasaundi, kipimo cha kuona kama mayai yanapevuka, na ikihitajika eksirei ya mirija, ile wanayoingiza dawa ikapita au isipite. Inafanywa hedhi ikishakatika, kabla yai halijatoka. Inauma kidogo kama maumivu ya hedhi, sitawadanganya. Mirija ikiwa imeziba kabisa kuna kupandikiza mimba. Mtoto wa kwanza duniani wa njia hiyo, Louise Brown, alizaliwa Uingereza Julai 1978 na baadaye akazaa wa kwake kwa njia ya kawaida, kwa hiyo anayewaambia watoto hao si watu kamili mpuuzeni. Hapa nchini huduma hiyo ipo, lakini ni ya mamilioni ya shilingi. Ndiyo sababu napigia kelele kisonono ya leo.

Mnaojiandaa, mama aanze vidonge vya foliki asidi, mikrogramu 400 kwa siku, kabla mimba haijaingia na miezi mitatu ya kwanza. Vinapunguza watoto kuzaliwa na mgongo wazi. Ukianza ulipojua una mimba, mara nyingi uti wa mgongo umeshafungika au umeshindwa kufungika. Pimeni selimundu, yaani sikoseli, Kanda ya Ziwa inaongoza kwa hiyo, mjue kabla. Na wenye VVU msijinyime watoto: anayemeza dawa vizuri hadi virusi havionekani hamwambukizi mwenza wake kwa tendo la ndoa, na mtoto anakingwa. Mwone mhudumu wako mpange wakati.

Maswali. Ndiyo, kijana mwenye fulana ya njano.

(Aliuliza kama anaweza kutoa shahawa nyumbani kwake Igombe na kuzipeleka maabara mjini.)

Swali zuri, na umeliuliza bila kuangalia chini, hongera. Usimwage siku mbili, usizidishe siku saba, kabla ya kipimo. Utoe kwa mkono kwenye kikopo cha maabara. Usitumie kondomu ya kawaida, ina kemikali inayoua mbegu, wala sabuni, wala mate, na usimwage tone la kwanza maana ndilo lenye mbegu nyingi. Sampuli ifike maabara ndani ya saa moja, kikopo ukikiweka chini ya shati karibu na mwili, usikiweke kwenye kapu la samaki lenye barafu. Sasa kutoka hapa, daladala ijaze kwanza, ipite uwanja wa ndege, ikute foleni... saa moja itakuishia njiani. Waombe chumba pale pale hospitali. Wengi wanacho, na kama hakina kitasa, mwambie muuguzi asimame mlangoni.